Kabla ya kuandika 'Mungu atanilipia', msome Danieli

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu yako inatetemeka. Hujaishika hata, lakini unajua ni nini: katibu wa jumuiya ametuma "Masomo ya Leo". Somo la kwanza, zaburi, Injili, tafakari ya aya mbili, kisha emoji za mikono ya maombi. Wewe uko Pipeline au Zimmerman, utayapitia kwenye matatu ukienda kazini kama bando haijaisha. Mama yako aliyebaki Matinyani, kule Kitui Magharibi, atasomewa maneno hayo hayo na mjukuu kabla hajatoka na punda kutafuta maji. Andiko moja, asubuhi moja. Lakini je, anachosikia yeye ndicho unachosikia wewe?

Nauliza kwa sababu ukiyafuata masomo haya mwaka mzima, kuna jambo linalorudi kila mara: Mungu anasikia kilio cha anayeonewa, na anamwokoa. Limo kwenye safari ya kutoka Misri, limo kwa manabii, limo gerezani Filipi walikofungwa Paulo na Sila. Ni jambo tamu. Utamu huo ndio unaofanya watu walinyakue haraka na kulibandika kwenye status bila kumaliza kusoma.

Kitu kimoja kuhusu kalenda yenyewe, halafu tuendelee. Masomo hayo hayachaguliwi na padri kulingana na hasira zake za wiki. Utaratibu wa Kanisa Katoliki uliotolewa mwaka 1969 huzungusha masomo ya Jumapili kwa miaka mitatu, A, B na C, na yale ya siku za kawaida kwa miaka miwili. Waanglikana wana mpango unaofanana na huo. Kwa ndugu zetu wa AIC, kanisa ambalo mizizi yake inarudi kwenye kituo cha wamisionari cha Nzaui, Makueni, mwaka 1895, mhubiri kwa kawaida hujichagulia andiko. Faida ya kalenda ni kwamba huwezi kulikwepa neno usilolipenda. Litakufikia tu, upende usipende.

Sasa twende kwenye status. Umeachwa na mpenzi, umetapeliwa na rafiki, mjomba amesogeza mpaka wa shamba, bosi amekufuta kazi. Unaandika: "Mungu si Athumani. Mungu atanilipia." Marafiki wanakujibu amina, moto, amina. Moyoni unasubiri habari: kwamba yule mtu ameanguka, amepata ajali, watoto wake wamefeli. Ukiambiwa ni kweli unasema, "Si nilisema?"

Huku Ukambani tuna jina la jambo la aina hiyo, na halijatoka kwenye Biblia. Linaitwa kithitu. Ni kiapo kizito kinacholiwa mbele ya mashahidi kesi ikishindikana, na imani ni kwamba aliyeapa uongo hufa, na kifo hicho hakimwishii yeye: kinaingia nyumbani, kinachukua ndugu, kinachukua watoto. Enzi za ukoloni kiliruhusiwa hata kwenye mabaraza yaliyosikiliza kesi za Wakamba. Mpaka leo ukikitaja barazani utaona watu wanavyonyamaza. Sikusudii kukicheka. Kilishikilia amani mahali ambapo polisi hawakuwepo na hakimu alikuwa mbali. Lakini wengi wanaopaka mafuta mlango Jumapili na kudai Mungu awashukie maadui na vizazi vyao wanaomba kithitu kwa jina la Yesu. Hawajabadilisha ombi, wamebadilisha anwani tu.

Ndiyo maana napenda Ezekieli 18. Sehemu yake husomwa Ijumaa ya wiki ya kwanza ya Kwaresima, lakini fungua sura nzima mwenyewe. Watu wa Israeli walikuwa na methali: wazazi wamekula zabibu chungu, na meno yanayotiwa ganzi ni ya watoto. Mungu anaipiga marufuku methali hiyo. Kila mtu atajibu lake, mtoto habebi kosa la baba. Halafu linakuja swali ambalo kama unamsubiri adui yako aanguke utalisoma mara mbili: Mungu anauliza kama kweli yeye hufurahia kifo cha mwovu. Jibu ni hapana. Anataka mwovu ageuke, aishi.

Kwa hiyo haki ya Mungu, kwa mujibu wa masomo yenyewe, inafanya kazi vipi? Hapa ndipo namtaka Danieli. Wa simba atakuja baadaye. Kwanza huyu mwingine ambaye wengi hawamjui.

Kama Biblia yako ni Union Version, kitabu cha Danieli kinaishia sura ya 12. Omba ya jirani Mkatoliki, utafute sura ya 13. Husomwa Jumatatu ya wiki ya tano ya Kwaresima, na ni ndefu kiasi kwamba parokia nyingine husoma ufupisho wake. Stori iko hivi. Babeli, kuna mwanamke anaitwa Susana, mke wa Yoakimu, tajiri mwenye bustani kubwa. Wazee wawili waliochaguliwa kuwa waamuzi mwaka huo wanaitembelea nyumba hiyo kila siku, kesi zinasikilizwa pale, na wote wawili wanamtamani. Siku moja wanajificha bustanini, anapobaki peke yake wanamtokea. Lala nasi, la sivyo tutasema tumekukuta na kijana chini ya mti. Susana anajua akikubali amekwisha, akikataa amekwisha. Anapiga nduru. Nao wanapiga nduru kumshinda.

Kesho yake kesi inaisha kabla haijaanza. Watu wanawaamini wale wawili kwa sababu moja tu iliyoandikwa wazi: ni wazee, na ni waamuzi. Susana anahukumiwa kifo. Hapo analia kwa Mungu, na maandiko yanasema Mungu alimsikia.

Simama hapo kidogo. Kama ungeandika wewe mwendelezo, ungetuma nini? Radi? Wazee waanguke wafe papo hapo, kama kithitu? Kinachokuja ni kijana. Mungu anaamsha roho ya mtoto wa kiume anayeitwa Danieli, asiye na cheo, na anachofanya ni kupaza sauti katikati ya umati kwamba yeye hatashiriki damu ya huyu mama. Umati unageuka: unasemaje? Anawaambia ni wajinga, wamehukumu bila kuchunguza. Kisha anafanya jambo ambalo kila mpelelezi anayestahili mshahara wake hulijua: anawatenganisha mashahidi. Anamuuliza wa kwanza, uliwaona chini ya mti gani? Anataja mti. Wa pili anaitwa, swali lile lile. Anataja mti mwingine kabisa. Kesi imekwisha. Susana yuko hai kwa sababu mtu aliuliza swali la pili.

Mwisho wa wale wazee ni mkali. Wanapata adhabu waliyomtakia Susana, kama sheria ya Musa ilivyoagiza kwa shahidi wa uongo. Lakini angalia kilichopangwa siku hiyo hiyo kwenye Injili, katika miaka A na B: yule mwanamke wa Yohana 8 aliyefumaniwa, ambaye kosa lake halibishaniwi. Mmoja hana hatia, mwingine anayo. Wote wawili wanatoka kwenye mduara wa mawe wakiwa wazima. Aliyepanga masomo hayo pamoja alijua anachofanya.

Sasa niambie ukweli. Umeshawahi kusimama stejini mtu akapigiwa kelele za "mwizi!"? Tairi linaletwa kabla jina lake halijaulizwa. Umeshawahi kuwa kwenye grupu ambapo skrinshoti moja imemmaliza msichana, na watu mia mbili wakaongeza yao? Kijijini nako, ajuza akiwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni, mtoto wa jirani akiugua, minong'ono inaanza. Kila mahali hapo pana nafasi ya Danieli, na kila mahali hapo nafasi hiyo iko wazi kwa sababu ni hatari. Umati ukishaamua, anayeuliza "mti gani?" huonekana mshirika wa mwizi.

Kenya imewahi kuwa na mtu aliyesoma masomo ya asubuhi namna hii, na hadharani. Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki aliuawa, mwili wake ukapatikana Ngong. Nchi ilinyamaza kwa woga. David Gitari, wakati huo Katibu Mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, alikuwa na kipindi cha tafakari fupi za asubuhi kwenye Sauti ya Kenya, redio ya serikali yenyewe. Angeweza kuongea kuhusu subira. Alichagua utakatifu wa uhai, na kisa cha Kaini aliyeulizwa ndugu yake yuko wapi. Hakuhitaji kutaja jina la mtu. Waliokuwa wakinywa chai nyumbani walielewa, na wakubwa nao walielewa. Julai mwaka huo huo akawa askofu wa Kianglikana wa Mlima Kenya Mashariki.

Mwaka 1987, enzi za chama kimoja, alihubiri kutoka Danieli 6, ile ya simba. Wengi hupenda kukimbilia tunduni. Yeye alikaa kwenye mwanzo wa sura, kwenye sheria iliyopitishwa haraka haraka ili kumnasa mtu mmoja. Wanasiasa walijiona humo, wakawaka. Halafu usiku mmoja wa Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake Kirinyaga. Askofu alipanda juu ya paa akapiga nduru, majirani wakaja, wavamizi wakatoroka. Kwenye kitabu, malaika aliyafunga makanwa ya simba. Kirinyaga walikuja watu waliotoka kitandani. Mimi sioni tofauti kubwa sana kati ya hayo mawili. Gitari aliishi hadi 2013, baada ya kuwa Askofu Mkuu.

Na kama unadhani huo ni ujasiri wa watu wa mlimani pekee, kumbuka Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, Mkamba wa Machakos, aliyekuwa askofu wa Nakuru wakati wa ghasia za kikabila za miaka ya 1990. Aliwasema waziwazi waliokuwa wakizichochea.

Lakini si kila siku kuna genge na paa. Mara nyingi dhuluma iko kwenye gorogoro.

Mwaka C, ambao mara ya mwisho tulikuwa nao 2025, Jumapili ya 25 huangukia Septemba na somo la kwanza ni Amosi 8. Nabii anawasuta wafanyabiashara wanaotamani sabato iishe upesi warudi dukani. Wanapunguza kipimo, wanaongeza bei, wanachezea mizani, wanauza hadi makapi. Mungu anaapa hatasahau hata kimoja. Sasa lipeleke Matinyani. Septemba ni ukame wa mwisho mwisho, watu wanangoja mvua za Oktoba hadi Desemba, zile ambazo mkulima wa Ukambani huzitegemea zaidi. Ghala limebaki vumbi. Mahindi yananunuliwa dukani kwa kipimo. Kisha mvua ikikubali, ndengu zinavunwa mwanzoni mwa mwaka, karo inadaiwa wakati huo huo, na broka anafika na gunia lake na kipimo chake yeye. Debe la kununulia lina kilele, debe la kuuzia limesawazishwa kwa kijiti. Kila mama wa sokoni anajua tofauti hiyo. Ni kiganja kimoja cha nafaka, na kwa msimu mzima kiganja hicho ni sare ya shule.

Wazee wetu walizipa njaa majina, na majina yale ni historia kamili. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 inaitwa Ngomanisye, iliyosambaa kila mahali. Ya miaka ya mwanzo ya 1980 inaitwa Nikwa Ngwete: nakufa nikiwa nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Pesa ilikuwepo mkononi, chakula hakikuwepo cha kununua. Ukimsomea Amosi susu aliyepita mwaka ule, hatakuuliza maana yake.

Na hapa somo linakugeukia wewe wa mjini. Huenda wewe ndiwe broka, au umeajiriwa na broka. Huenda wewe ndiwe uliyemlipa mama wa nguo Sh200 badala ya Sh300 mlizokubaliana kwa sababu "leo zilikuwa chache". Zaburi za kumlilia mkandamizaji hazina jina la mkandamizaji. Nafasi imeachwa tupu. Wakati unaposoma kwa sauti ukimfikiria mjomba, kuna mtu Kayole anaisoma akikufikiria wewe.

Wiki nne baada ya Amosi, mwaka huo huo wa C, ndipo anapokuja mjane wa Luka 18. Hakimu hamwogopi Mungu wala hajali watu. Mjane hana wakili, hana kitu kidogo cha kutoa. Ana miguu tu. Anakuja, anarudi, anakuja tena, mpaka hakimu anasema afadhali nimpe haki yake asije akanimaliza. Neno la Kigiriki lililotumika hapo ni la ndondi, kumpiga mtu chini ya jicho. Yesu anatoa mfano huo kufundisha kusali bila kukata tamaa, sawa, lakini ona sala yenyewe inavyofanana na kwenda kortini.

Kila aliye na ushago Ukambani anamfahamu mjane huyo. Mume amefariki, hati ya shamba bado iko kwa jina la babamkwe aliyekufa zamani. Matanga hayajaisha vizuri, shemeji ameshaleta mnunuzi. Mama anaambiwa asilete aibu, aombe. Ataomba, hilo halihitaji kufundishwa. Lakini kuna mambo ambayo wewe, mwenye simu na shule, unaweza kumwambia. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu Julai 1981, inasema kwenye kifungu cha 45 kwamba kujichukulia au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa la jinai: faini isiyozidi Sh10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote. Ili mama awe na idhini hiyo anahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na maombi mahakamani. Maombi yakitangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, mwenye pingamizi ana siku 30. Baada ya kupewa usimamizi, kwa kawaida hungoja miezi sita ndipo mgao uthibitishwe. Mawakili wanawake wa FIDA-Kenya wamekuwa wakisaidia akina mama kwenye kesi za aina hii tangu 1985.

Hesabu safari zilizomo humo. Hospitali, kwa chifu, Kitui mjini kufungua faili, Kitui tena kwa sababu karatasi moja ilikosa muhuri, Kitui tena hakimu yuko likizo. Huyo ndiye mjane wa Luka, na hizo ndizo "usikate tamaa" zake. Wengi hawashindwi na sheria. Wanashindwa na nauli, na na ile hali ya kukaa peke yao koridoni wakati upande wa shemeji umekuja watu wanane.

Jumuiya ndogo ndogo zilifanywa kipaumbele na maaskofu wa Afrika Mashariki mwaka 1976 kwa sababu hiyo hasa: majirani wakutane nyumbani kwa mtu, wasome Injili ya Jumapili inayokuja, kisha waulizane tufanye nini. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa siku hizi, chai ikishaiva.

Soma tena Kutoka 3 ukipata nafasi. Mungu anamwambia Musa ameyaona mateso, amekisikia kilio, ameshuka kuwaokoa. Ungedhani Musa anaweza kurudi kuchunga. Sentensi inayofuata, anaambiwa basi nenda wewe. Hapo Musa anaanza: mimi ni nani, wataniuliza jina, hawataniamini, ulimi wangu mzito, tuma mwingine. Visingizio vyote hivyo vimo kwenye andiko takatifu, vimehifadhiwa kwa maelfu ya miaka, na bado ukituma ujumbe kwenye grupu ya familia leo jioni utavisoma kwa mpangilio ule ule.

Kwa hiyo kesho masomo yakiingia, weka amina yako. Halafu mpigie mama, usimwandikie, mpigie, umuulize kesi ya yule jirani inatajwa lini Kitui. Akikutajia tarehe, angalia ratiba yako ya kazi. Una off siku hiyo?